Kibali cha ujenzi katika mji mdogo: anzia kwenye bikoni, si kwenye ramani

Maswali ni yale yale: kibali ni shilingi ngapi, kinachukua siku ngapi, na je, naweza kuchimba msingi huku nasubiri? Jibu la swali la mwisho ni hapana. Haya mawili ya mwanzo hayajibiki kabla hujaelewa kwamba maombi mengi ya mji mdogo hayakwami kwenye ramani ya nyumba. Yanakwama kwenye kiwanja. Mtu anamlipa mchoraji, ananunua tripu nne za mchanga, halafu anaambiwa mezani kwamba ploti yake haijapimwa, au imepimwa kwa jina la mtu mwingine, au nusu yake ni barabara. Ndiyo maana hapa ardhi na bikoni zake (mawe ya mipaka ya kiwanja) zimetangulia na ramani imefuata.

Mwongozo huu ni wa Tanzania bara, kwa anayejenga nyumba ya kuishi ya kawaida, pengine na fremu mbili tatu za biashara mbele, kwenye mji mdogo ulio chini ya halmashauri ya wilaya: Katoro, Himo, Mbalizi, Kibaigwa, Mirerani na miji ya aina hiyo. Zanzibar ina taratibu zake. Anayejenga ghorofa, kituo cha mafuta, shule au nyumba ya wageni atakutana na haya yote na mengine juu yake.

Nani anatoa kibali

Hapa wengi hupotea njia siku ya kwanza. Mtendaji wa kijiji, mtaa au kata hatoi kibali cha ujenzi. Anaweza kukuandikia barua ya utambulisho, na pengine utaihitaji, lakini barua hiyo haikuruhusu kunyanyua tofali hata moja. Mwenyekiti wa kitongoji naye ndiyo hivyo hivyo, hata akigonga muhuri mkubwa kiasi gani. Uamuzi uko kwa wataalamu wa halmashauri: Afisa Mipango Miji, Afisa Ardhi, Mpima Ardhi, Mhandisi wa Ujenzi na Afisa Afya. Kibali hutoka kwa mamlaka ya Mkurugenzi Mtendaji. Kama mji wenu una ofisi ya Mtendaji wa Mji Mdogo, anza kuuliza pale, maana mara nyingi fomu hupokelewa pale na mkaguzi hutokea pale. Faili lenyewe husafiri hadi makao makuu ya wilaya. Ukijua hivyo hutashangaa kuambiwa "bado halijarudi".

Je, unahitaji kibali?

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inagusa eneo lolote lililotangazwa kuwa eneo la mipango miji, hata kama kwa macho bado ni shamba la mahindi. Miji midogo hukua kwa kumeza vijiji vya jirani, na ndipo mtu husema "huku kwetu ni kijijini, kibali ni cha mjini", wakati tangazo lilishapita. Usikisie. Nenda kwa Afisa Mipango Miji na swali moja: eneo hili limo ndani ya eneo la mipango miji au halimo?

Likiwa limo, kibali kinahitajika kwa nyumba mpya, kuongeza chumba, kujenga uzio wa tofali, kugeuza sebule kuwa duka, na kupandisha ghorofa juu ya nyumba ya zamani. Kupaka rangi, kubadili kitasa au kuziba ufa wa plasta hakuna anayekuuliza. Kati ya hapo, kwa mfano kubomoa ukuta wa ndani au kubadili paa zima, uliza kwanza. Kuuliza ni bure.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha NIDA, au angalau namba yake.
- Uthibitisho wa umiliki: hati miliki, au barua ya toleo ambayo wengi huiita ofa. Kama ulinunua kwa mtu, weka pamoja mkataba wa mauziano na hati za uhamisho wa miliki.
- Ramani ya upimaji inayoonyesha namba ya kiwanja na kitalu.
- Stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi ya mwaka huu.
- Seti tatu za michoro ya jengo. Ukijenga ghorofa, ongeza seti mbili za michoro ya mihimili na nondo.
- Nakala ya PDF ya kila karatasi, iliyopigwa skani vizuri. Picha ya simu yenye kivuli cha kichwa chako itarudishwa.
- Futi ya mita 50. Ya mita 5 haitoshi kwa kazi ya Hatua ya 2.

Tenga pia pesa ya ada, lakini usitumie kiwango alicholipa rafiki yako wa wilaya nyingine. Ada hupangwa na sheria ndogo za kila halmashauri, kwa hiyo wilaya mbili zinazopakana zinaweza kutofautiana. Uliza kiwango cha kwenu na uombe kuonyeshwa kilipoandikwa.

Hatua ya 1. Linganisha jina, namba na matumizi

Weka karatasi zako zote mezani na utazame vitu vitatu tu. Je, jina kwenye hati ni lile lile lililo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi? Je, namba ya kiwanja na kitalu ni moja kwenye ofa, kwenye ramani ya upimaji na kwenye stakabadhi ya kodi? Je, matumizi yaliyoandikwa yanakubali unachotaka kujenga?

Hilo la tatu ndilo linalouma watu wa fremu. Kiwanja kikiandikwa "makazi", kibali cha nyumba yenye maduka mbele hakitoki. Lazima kiwe "makazi na biashara", au uombe kubadili matumizi kwanza. Maombi hayo yana utaratibu wake, tangazo lake na muda wake, hivyo ni ombi jingine kabisa linalotangulia hili. Usichore nyumba ya makazi kwa nia ya kutoboa fremu baadaye. Mkaguzi akipita na kukuta milango ya chuma ya kukunja inatazama barabara, atajua palepale.

Jina likiwa la marehemu baba, usiombe kwa jina lako. Tafuta hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani kisha msimamizi ahamishe miliki, au yeye mwenyewe aombe kwa nafasi hiyo. Jina likiwa la aliyekuuzia, kamilisha uhamisho kwanza. Mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na mwenyekiti unaonyesha kwamba mlikubaliana, lakini daftari la ardhi bado linamtambua yeye.

Hatua ya 2. Tafuta bikoni, zote

Nenda kiwanjani na ramani ya upimaji mkononi. Bikoni ni jiwe dogo la zege lenye chuma katikati na herufi na namba juu yake, na mara nyingi limefukiwa na udongo au majani. Chimba taratibu kwa jembe pale ramani inapoonyesha pembe, sentimita kumi na tano au ishirini hivi. Ukilipata, safisha kwa brashi na usome namba. Namba hiyo lazima ifanane na iliyo kwenye ramani. Bikoni yenye namba nyingine ni ya kiwanja cha jirani, na hapo ndipo watu hujenga ukuta mzima kwenye ploti isiyo yao.

Zikipatikana zote nne, pima. Tuseme kiwanja chako ni mita 20 kwa 30. Pima pande zote nne, kisha pima kutoka pembe hadi pembe ya mbali, mara mbili. Kwa kiwanja chenye pembe mraba sawasawa cha vipimo hivyo, kila mshazari utakuwa mita 36 na sentimita 6 hivi. Mmoja ukija 36 na mwingine 37 na nusu, ama kiwanja kimepinda (angalia ramani, vingi havina pembe mraba) ama kuna bikoni iliyohamishwa. Futi ivutwe kwa nguvu na ilale sawa. Ikilegea katikati, mita 30 inaongezeka bila wewe kujua.

Bikoni ikikosekana, usiweke jiwe lako. Omba Mpima Ardhi wa halmashauri aje kuirudisha, na jirani awepo siku hiyo. Kuhamisha au kung'oa bikoni ni kosa kisheria, hata kama ulidhani unaiweka vizuri.

Ukiwa hapo hapo, tazama kinachozunguka kiwanja:

- Barabara kuu au ya mkoa: hifadhi yake, kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, ni mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande. Zamani ilikuwa mita 22.5, na wazee wengi bado wanaitaja hiyo. Pima kutoka mstari wa katikati wa lami, usipime kutoka ukingoni.
- Mto, ziwa au bwawa: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60.
- Nyaya za umeme mkubwa, bomba kuu la maji, reli: kila kimoja kina njia yake ya kuachwa wazi. Muulize mwenye nayo, na ukijibiwa kwa barua, iambatanishe.

Hatua ya 3. Chukua masharti kabla ya kumlipa mchoraji

Nenda kwa Afisa Mipango Miji ukiwa na namba ya kiwanja, na uandike kwenye daftari majibu ya haya: jengo likae mita ngapi kutoka mbele, nyuma na pembeni; asilimia ngapi ya kiwanja inaruhusiwa kufunikwa na paa; ghorofa zinaruhusiwa au la; maegesho mangapi ukiweka fremu; na kama barabara iliyo mbele yako kwenye mchoro wa mipango miji ni pana kuliko njia unayoiona leo. Swali hilo la mwisho watu hawaliulizi. Kichochoro cha bodaboda cha mita 4 kinaweza kuwa barabara ya mita 12 kwenye mchoro.

Panda pia kwa Mhandisi wa Ujenzi umuulize ramani za nyumba ya chini wanazipokea kutoka kwa nani. Kwa ghorofa jibu ni moja: msanifu na mhandisi waliosajiliwa na bodi zao, na mihuri yao iwe kwenye kila karatasi. Kwa nyumba ya chini, uliza mapema. Ramani nzuri iliyochorwa na mtu asiyepokelewa itachorwa upya kwa pesa yako.

Hatua ya 4. Piga hesabu ya nafasi inayobaki

Chukua mfano wa kiwanja chetu cha 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Tuseme umeambiwa mita 4 mbele, 3 nyuma na 1.5 kila pembeni (huu ni mfano, tumia za kwako). Urefu unaobaki ni 30 toa 7, yaani 23. Upana ni 20 toa 3, yaani 17. Eneo unaloweza kusimamisha ukuta ni 17 kwa 23, mita za mraba 391.

Usifurahi bado. Ikiwa kinachoruhusiwa kufunikwa ni nusu ya kiwanja, kikomo chako ni 300, si 391. Nyumba ya mita 12 kwa 14 inachukua 168. Fremu tatu za mita 3.5 kwa 4 zinachukua 42. Stoo na choo cha nje, 15. Umefika 225. Ukitaka baadaye safu ya vyumba vya wapangaji ya mita 4 kwa 15, hiyo ni 60 nyingine na jumla ni 285. Umebakiza mita 15 za mraba, na hapo baraza lenye paa na banda la gari havijahesabiwa, navyo huhesabiwa.

Kwa hiyo unachotaka kujenga kesho kionyeshe leo kwenye ramani ya kiwanja, hata kwa mstari wa nukta. Ni rahisi kuliko kuja kugundua kwamba nyumba kubwa imekula nafasi yote.

Tazama na michirizi ya paa. Ukuta ukiwa mita 1.5 kutoka mpaka na paa likitokeza sentimita 60, umebaki na sentimita 90. Hapo maji ya mvua ya bati yanaanguka karibu kabisa na jirani, na kwenye mteremko yataishia sebuleni kwake. Weka gata, na uichore.

Hatua ya 5. Kagua ramani mwenyewe kabla haijaondoka kwa mchoraji

Hata kama husomi michoro, unaweza kuhakikisha haya yapo:

1. Ramani ya kiwanja kizima: bikoni na namba zake, kaskazini, barabara, umbali wa jengo kutoka kila mpaka ulioandikwa kwa namba, mahali pa tangi la majitaka na shimo la kunyonya, mahali pa gari, na lango.
2. Mpango wa vyumba wenye vipimo vya ndani na nje.
3. Mwonekano wa pande nne. Wachoraji wavivu huleta mbili.
4. Mkato (nyumba ikichorwa kana kwamba imepasuliwa katikati) unaoonyesha kina cha msingi, unene wa jamvi, yaani zege la sakafu, urefu wa ukuta, lenta na mteremko wa paa.
5. Mpango wa msingi na mpango wa paa.
6. Kisanduku cha maelezo: jina la mwenye kiwanja, namba ya kiwanja na kitalu, matumizi, ukubwa wa kiwanja, asilimia inayofunikwa, uwiano (eneo la sakafu zote kwa eneo la kiwanja), jina la mchoraji, sahihi na tarehe.

Jumlisha vipimo. Ikiwa vyumba vya upande mmoja ni 3.6, 3.0 na 4.2, na kuna kuta nne za sentimita 15, jumla ni mita 11.4. Ramani ikisema 11, kuna mahali pamekosewa, na mhandisi atapaona kabla yako.

Majitaka yanastahili macho zaidi, kwa sababu miji midogo mingi haina mfumo wa maji taka wa pamoja na Afisa Afya anajua hilo. Shimo lisiwe karibu na kisima cha maji ya kunywa. Mita 30 ndicho kipimo kinachoshikwa sana. Sasa kumbuka mshazari wa kiwanja chetu ulikuwa mita 36. Maana yake kisima na shimo vinatoshea kiwanja kimoja kwa kuviweka pembe zinazotazamana tu, na hata hapo unaweza kukuta shimo la jirani liko nyuma ya ukuta wako, mita 5 kutoka kisimani. Onyesha kisima na mashimo ya majirani kwenye ramani ya kiwanja. Na tangi likae mahali ambapo gari la kunyonya litafika. Kulificha nyuma ya nyumba iliyojaza kiwanja ni kumkaribisha mtu wa ndoo.

Hatua ya 6. Maliza madeni ya ardhi

Kodi ya pango la ardhi ilipiwe hadi mwaka huu. Deni la miaka sita la aliyekuuzia ni deni la kiwanja, na litakusubiri wewe. Chukua namba ya malipo (kontroo namba), lipa benki, kwa wakala au kwa simu, kisha chapisha stakabadhi.

Hatua ya 7. Wasilisha maombi

Halmashauri nyingi sasa hupokea maombi kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni ulio chini ya TAMISEMI. Unajisajili kwa namba ya NIDA, unachagua halmashauri yako, unajaza taarifa za kiwanja na jengo, kisha unapakia viambatanisho. Chagua halmashauri ya wilaya kiwanja kilipo, hata kama wewe unaishi Dodoma au Muscat. Tumia namba ya simu unayoishika mwenyewe. Ukiweka ya duka la steshenari lililokujazia fomu, ujumbe wa "rekebisha kiambatanisho" utabaki kwenye simu ya mtu aliyekwisha kukusahau.

Nenda pia ofisini na seti za karatasi. Mji mdogo ni mdogo kweli, na faili lenye karatasi mezani husomwa upesi kuliko lililo kwenye kompyuta pekee. Peleka kwa barua fupi ya kuorodhesha viambatanisho, kimoja kimoja, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo huna cha kuonyesha kwamba karatasi zilifika.

Hatua ya 8. Lipa kwa namba ya malipo tu

Ada hulipwa kwa kontroo namba. Soma jina la halmashauri linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Pesa inayotumwa kwenye namba binafsi ya mtu haina stakabadhi ya serikali, na faili lako litasomeka halijalipiwa. Ukiambiwa kuna pesa ya "mafuta ya mkaguzi", omba kontroo namba yake. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Hatua ya 9. Fuatilia, na uwepo siku ya ukaguzi

Ramani hupita kwa wataalamu kwa zamu: umiliki, matumizi, mipaka, uimara, afya. Kisha hujadiliwa kwenye kikao. Uliza kikao kinakaa lini, maana faili lililokamilika siku moja baada ya kikao husubiri kinachofuata. Halmashauri zina mkataba wa huduma kwa mteja unaotaja siku za kushughulikia maombi. Omba kuuona, na ufuatilie kwa kuutaja huo.

Wataalamu wakija kiwanjani, bikoni ziwe wazi zimesafishwa, na pembe za nyumba ziwe zimepigwa mambo (vigingi) na kamba. Usichimbe. Kamba inaonyesha nia. Mtaro wa msingi unaonyesha umeanza bila kibali.

Hatua ya 10. Soma kibali, halafu ndiyo uite fundi

Kibali kina namba, tarehe, muda na masharti. Ramani zilizorudi zina muhuri, na pengine kalamu nyekundu imehamisha shimo au kupunguza fremu. Hiyo ya muhuri ndiyo ramani yako sasa. Ichukue nakala, mpe fundi, na ile ya zamani iondoe saiti kabisa, kwa sababu fundi atatumia iliyo karibu na mkono wake.

Angalia pia masharti ya hati yako. Hati nyingi za viwanja vya makazi hutaka jengo likamilike ndani ya miezi 36 tangu miliki ilipoanza. Ukiona umechelewa, andika barua ya kuomba kuongezewa muda, usikae kimya.

Wakati wa kujenga

Kibali kinakuja na ukaguzi. Mwite mkaguzi au mhandisi kabla ya kufunika kitu ambacho hakitaonekana tena: msingi ukiwa umechimbwa na zege halijamwagwa, nondo zikiwa zimefungwa, kabla ya kumwaga jamvi, kwenye lenta, na kabla ya kufukia tangi la majitaka. Mpe taarifa siku mbili tatu kabla. Zege likishamwagwa, mkaguzi ana haki ya kutaka livunjwe aone kilicho ndani.

Bandika nakala ya kibali ndani ya mfuko wa plastiki kwenye banda la saiti. Mgambo akija wakati wewe haupo, fundi awe na cha kuonyesha.

Ukibadili wazo katikati, kwa mfano chumba kiwe fremu au dirisha liwe mlango, peleka mchoro wa marekebisho kwanza. Nyumba ikiisha, omba ukaguzi wa mwisho na cheti cha kutumia jengo. Wengi huacha hapa, na huja kukumbuka siku benki inapotaka karatasi zote za nyumba.

Ikikwama

*"Kiwanja hakijapimwa."* Hakuna mkato. Uliza kama eneo lenu limo kwenye mpango wa urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango. Kama halimo, majirani mkiungana kuomba upangaji na upimaji gharama hugawanyika, kuliko mmoja kupima peke yake katikati ya eneo lisilo na mchoro. Hati ya kimila ya kijiji uliyonayo itunze, ni uthibitisho wako wakati wa kupimwa.

*"Faili halionekani."* Toa nakala yenye muhuri wa kupokelewa na stakabadhi ya ada, omba litafutwe kwa namba ya kiwanja badala ya jina. Majina hukosewa kwenye rejista kuliko namba.

*"Nyumba imeingia kwenye umbali wa mpaka kwa sentimita 40."* Hamisha kwenye karatasi, ni kazi ya siku moja. Usimshawishi jirani aandike barua ya kukubali. Umbali huo umewekwa kwa ajili ya moto, hewa na njia ya maji, na jirani hana mamlaka ya kuusamehe.

*"Jirani ameweka pingamizi la mpaka."* Mpima aje, bikoni zisomwe wote mkiwepo, muandikiane. Ikishindikana kuna baraza la ardhi la kata, kisha la wilaya. Kibali kitasubiri.

*"Nimekataliwa bila sababu."* Omba sababu kwa maandishi. "Hairuhusiwi" ya mdomo huwezi kuirekebisha wala kuikatia rufaa.

*"Nilishaanza, wamepiga X nyekundu."* Simamisha kazi siku hiyo hiyo, mwondoe fundi, usifute rangi. Piga picha ya kilichojengwa hadi hapo, nenda na karatasi zote kwa Afisa Mipango Miji, uulize kama jengo lilivyosimama linaweza kuombewa kibali. Kama limekaa ndani ya masharti, kwa kawaida kuna faini na maombi yanaendelea. Kama limekaa kwenye hifadhi ya barabara au kiwanja cha umma, hakuna ada itakayolihalalisha, na kila tofali unaloongeza baada ya X utalibomoa kwa pesa yako mwenyewe.